Nusu ya Wimbo Iliandikwa kwenye Mikseri

Wimbo wa pili kwenye The Original Soundtrack, albamu ya tatu ya kundi la Kiingereza 10cc iliyotoka Machi 1975, unaitwa "I'm Not in Love", na unatambulika kuwa utunzi wa watu wawili: Eric Stewart na Graham Gouldman. Sina ugomvi na hilo. Maneno ni yao, melodia ni yao, kordi ni zao. Ila mwombe mtu yeyote anayeujua wimbo huu akuonjeshe kidogo, uone anaanzia wapi. Wengi hawaanzi na maneno. Wanaanza na "aaaa".

Ile "aaaa" ndefu, iliyotanda nyuma ya kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo iliyoufanya wimbo ukumbukwe nusu karne baadaye. Na hiyo haikutoka kwa wale wawili peke yao, haikuandikwa kwa kalamu, na ilipatikana baada ya toleo la kwanza la wimbo kukataliwa na kufutwa kabisa.

Nimekuwa nikiusoma na kuusikiliza wimbo huu kwa miaka, kwanza kama shabiki, baadaye kama mtu anayejaribujaribu kurekodi sauti kwenye kompyuta. Kadiri ninavyozidi kuujua ndivyo swali linavyozidi kunikera: mtunzi wa wimbo ni nani hasa?

Tuanze na kalamu, maana upande huo ni mfupi. Stewart alikuwa mume wa mtu, na mkewe alimlalamikia kwamba hamwambii vya kutosha kuwa anampenda. Jibu lake lilikuwa la kikaidi: neno likisemwa kila saa huisha ladha. Akaamua kulisema kwa kulikana. Msemaji wa wimbo anashikilia beti baada ya beti kwamba hajapenda, na kila ushahidi anaouleta unamfunga yeye mwenyewe. Picha yako naitundika ukutani, anasema, kwa sababu tu inaficha doa baya. Ukuta wenyewe ulikuwepo: chumbani kwake, nyumbani kwa wazazi wake, Stewart alikuwa na ufa ukutani, na aliufunika kwa picha ya huyo huyo aliyekuja kuwa mkewe. Aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ni fumbo, na anayefumbiwa anajijua.

Stewart alikuja na mwanzo, Gouldman akashika gitaa, na baada ya siku chache utunzi ukawa umekwisha. Gouldman hakuwa mwanafunzi. Katika miaka ya 1960, akiwa kijana mdogo, aliliandikia kundi la Yardbirds "For Your Love" na kundi la Hollies "Bus Stop", kwa hiyo alijua vizuri beti inaishia wapi na kiitikio kinaingia wakati gani. Wakaupa mdundo wa bossa nova, ule mtindo mwororo wa Brazili, wakaingia studio wote wanne na gitaa, besi na ngoma, wakaurekodi.

Wenzao wawili hawakuupenda. Kevin Godley na Lol Creme walikuwa wametokea chuo cha sanaa, na masikio yao yalitafuta vitu vingine. Katika 10cc kila mmoja wa wanne alitunga na kila mmoja aliimba, kwa hiyo hakukuwa na bosi wa kulazimisha. Wimbo usiowaingia wote haukuwa na pa kwenda. Godley hakuzunguka: hauna kitu. Ukiondoa ile "aaaa" kichwani mwako na kubaki na melodia juu ya bossa nova, ni rahisi kumwelewa. Ungekuwa muziki mtamu wa kusindikiza chakula cha jioni hotelini. Rekodi ikafutwa.

Niseme kidogo kuhusu kufutwa. Utepe wa kurekodia sauti ulikuwa ghali na ulitumika tena, kwa hiyo kufuta kulikuwa kufuta. Leo hatufuti kitu. Kompyuta yangu imejaa matoleo ya nyimbo nusunusu, yana majina kama "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho kabisa 2", na kwa sababu yote yapo, hakuna hata moja linalolazimika kufikiriwa upya toka chini. 10cc hawakuwa na pa kurudi. Walichobaki nacho ni wimbo uliokaa vichwani mwa watu, basi.

Na ulikuwa umekaa kweli. Siku zilivyopita, Stewart akaona wafanyakazi wa studio wanauimba huku wakiendelea na shughuli zao. Akaurudisha mezani. Godley akatoa sharti ambalo, kwa maoni yangu, ndilo sentensi muhimu kuliko zote zilizosemwa kuhusu wimbo huu: utafaa iwapo tu tutaufanya kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kurekodi kitu. Tuache vyombo. Tutumie sauti za watu.

Kusema ni rahisi. Kwaya ile ingetoka wapi, na kwaya gani duniani inaweza kushikilia noti moja kwa dakika sita bila kuvuta pumzi? Creme ndiye aliyekuja na jawabu: utepe uliounganishwa ncha kwa ncha, uzunguke bila kikomo.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo wimbo ulipoandikwa mara ya pili.

Studio iliitwa Strawberry, ilikuwa Stockport, kusini mwa Manchester. Stewart alikuwa na hisa ndani yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa kundi. Kumbuka hilo, kwa sababu kundi lililokodi studio kwa saa lisingethubutu kufanya kilichofuata. Gouldman, Godley na Creme walisimama mbele ya maikrofoni wakaimba "aa" kwenye noti moja. Wakarudia juu ya ile ya kwanza. Wakarudia tena, mpaka mara 16. Watu watatu mara 16 ni sauti 48, zote noti moja. Halafu wakapanda nusu toni, wakaanza upya. Skeli ya kromatiki, yaani ngazi ya noti zinazopandana kwa nusu toni, ina noti 12, na walizipitia zote. Iliwachukua wiki tatu. Wiki tatu za watu wazima kusema "aa" huku mita zikiwaka, bila ngoma, bila neno hata moja, bila uhakika kwamba itasaidia.

Kwa nini sauti nyingi hivyo? Kwa sababu hakuna binadamu anayegonga noti ileile mara mbili sawasawa. Mmoja yuko juu kidogo, mwingine chini kidogo, huyu ameanza sekunde nusu mapema, yule pumzi inamwishia. Tofauti hizo ndogo zinapogongana, sauti zinapigana na kuachiana, zinavimba na kupungua, na sikio linaacha kusikia watu. Linasikia upana. Huwezi kumtambua Gouldman mle, wala huwezi kusema huyu ni mwanaume au mwanamke.

Hili unaweza kulijaribu mwenyewe kwa dakika chache. Rekodi "aa" moja kwenye programu yoyote ya muziki, kisha inakili mara 48 na uzipange zote mahali pamoja. Utapata "aa" ileile moja, imekuwa kubwa mpaka inapasuka. Mawimbi yanayofanana kabisa hayatengenezi kwaya; yanajumlishana tu. Ukizisogeza kidogo kidogo zinaanza kusikika kama mtu mmoja ndani ya bomba. Lazima uimbe tena, na tena, na tena, na koo lazima lichoke, maana uchovu nao ni tofauti mojawapo. Nilipofika hapo kwenye majaribio yangu nikaacha kuona zile wiki tatu kama mbwembwe za wasanii wenye studio yao.

Sauti 48 za kila noti zikachanganywa kuwa rekodi moja ya stirio. Kisha Stewart akakata kipande cha utepe chenye urefu wa karibu futi 12, akaunganisha ncha zake kwa gundi, na kikawa duara. Hakuna mashine ya kurekodi yenye nafasi ya duara kubwa hivyo. Kwa hiyo upande mmoja ulipita kwenye vichwa vya mashine, yaani sehemu zinazosoma sauti, na upande wa pili ukazunguka kigurudumu kilichofungwa juu ya stendi ya maikrofoni, mbali kiasi cha kuuvuta utepe ukaze. Piga picha: utepe mwembamba wa kahawia unakatiza chumbani hewani, unakimbia kama mkanda wa mashine ya kusaga, na kila mtu anaambiwa asiuguse.

Futi 12 hazikuwa ubishoo. Pale utepe ulipounganishwa, kila kiungo kinapopita kwenye kichwa cha mashine husikika "tik" ndogo. Duara fupi lingetoa tik kila sekunde na msikilizaji angeikamata mara moja. Kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida studioni, futi 12 huzunguka kwa sekunde zisizofika 10. Tik moja kila baada ya muda huo, ndani ya muziki, inamezwa. Sharti lilikuwa moja tu: viungo vya noti mbalimbali visipite kwa wakati mmoja. Visipokutana hakuna anayevisikia.

Mtu anayejua vyombo vya enzi zile ataniuliza kuhusu Mellotron. Ni swali la haki. Chombo hicho kilikuwepo, kina kibodi, na chini ya kila kitufe kuna utepe wenye sauti halisi, kwaya ikiwemo. Lakini utepe wa Mellotron haukuwa duara. Ulikwenda sekunde kama 8 ukafika mwisho, ukarudishwa na springi. Ukitaka noti ndefu zaidi, unyanyue kidole na kubonyeza upya, na kila mara kwaya nzima inaanza kuimba upya. Kilichotafutwa Stockport ni noti isiyoanza wala kuisha, na hiyo haikuuzwa dukani.

Kila duara lilichezwa kwa dakika kadhaa na kunakiliwa kwenye njia yake ya mashine kubwa ya njia 16, inayoweza kushika sauti 16 tofauti kwenye utepe mmoja. Matokeo yake yakawa ya ajabu: mikseri, ile meza yenye vishikizo vya kupandisha na kushusha sauti, ambavyo mafundi huviita feda, ikawa chombo cha muziki. Feda moja ni C, inayofuata ni C kali, inayofuata ni D, hadi mwisho wa skeli. Ukipandisha tatu au nne umepiga kordi. Ukizishusha taratibu huku unapandisha nyingine, kordi moja inayeyukia nyingine bila mshono, kitu ambacho hakuna kibodi inayokifanya, kwa sababu kitufe cha kibodi kinabonyezwa au kinaachwa, na feda ina kila hatua kati ya hizo mbili.

Wakaipiga wote wanne. Wamejipanga bega kwa bega mezani, vidole kwenye feda, kila mtu na noti zake, wanafuata rekodi ya mwongozo iliyokuwa na mpangilio wa wimbo. Huo ndio upigaji wa chombo kikuu cha "I'm Not in Love". Hakuna aliyekuwa ameukariri. Mmoja alichelewa kushusha, mwingine akawahi kupandisha, na kuchelewa huko ndiko unakokusikia pale sauti zinapotangulia neno au kubaki nyuma yake.

Kisha kuna utepe wa gundi, kipengele ninachokipenda kuliko vyote. Stewart alibandika utepe chini kabisa ya njia za feda, zisiweze kufika sifuri. Kwa hiyo hata noti ambazo hazihitajiki kwenye kordi ziliendelea kuvuja kwa mbali, zote 12 kwa pamoja, wimbo mzima. Ukizipiga noti 12 za kromatiki pamoja kwa nguvu unapata makelele ya kuumiza meno. Zikipigwa kwa uchache ule hazisikiki kama noti tena. Zinasikika kama chumba. Kuna watu wanaodhani ni mvumo wa utepe tu, na mvumo wa utepe upo kweli, umechanganyika humo humo. Lakini vaa hedifoni, subiri mahali ambapo maneno yamekoma, utasikia ule mvumo una koo.

Vyombo vilivyobaki vilikuja baadaye na vilikuja kwa adabu. Stewart alipiga piano ya umeme ya Fender Rhodes. Gouldman akaweka gitaa la kusindikiza, na besi kwenye sehemu ya kati. Ngoma hakuna, kuna sintesaiza ya Moog, chombo kinachozalisha sauti kwa umeme, iliyopangwa itoe mdundo mzito wa chini, Godley akaupiga, na ukawa kama mapigo ya moyo wa mtu aliyelala. Sehemu ya katikati kulikuwa na maneno mengine yaliyoandikwa na kutupwa, na piano ikachukua melodia yao, kwa hiyo kuna ubeti mzima unaoupata bila kuambiwa unasema nini. Wakaongeza na kisanduku cha muziki cha mtoto, wakakirekodi mara mbili kiasi kwamba kinaelea nje ya mstari. Stewart akaimba. Ameimba kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza jambo dogo, na sidhani kama kuna namna nyingine ingefaa: mtu anayejitetea kwamba hajapenda hapaswi kupaza sauti.

Wakadhani wamemaliza, ila Godley akahisi kuna kitu kimepungua. Creme akakumbuka kwamba wakati wa kurekodi piano alinong'ona kitu kwenye maikrofoni zake, kama mzaha: nyamaza, wavulana wakubwa hawalii. Wakaisikiliza peke yake. Wazo zuri, ila sauti siyo. Wakiwa wanajiuliza nani aseme, mlango wa chumba cha mitambo ukafunguka, na sekretari wa studio, Kathy Redfern, akachungulia na kumnong'oneza Stewart kwamba ana simu. Creme akaruka kutoka kitini: sauti ndiyo hiyo. Ilibidi Redfern abembelezwe. Hakuwa mwimbaji na alidhani wanamtania. Aliambiwa aseme vilevile alivyosema kuhusu simu, basi, na ndivyo alivyosema.

Sasa turudi kwenye swali. Kalamu ya Stewart na Gouldman ilitoa wimbo ambao ulirekodiwa, ukachukiwa na kufutwa. Sharti la Godley, duara la Creme, koo la watatu, vidole vya wanne, utepe wa gundi na mnong'ono wa sekretari ndivyo vilivyotoa wimbo tunaoujua. Utunzi ukabaki wa wawili.

Sheria ina sababu zake. Kuna hakimiliki ya utunzi, yaani melodia na maneno, na kuna hakimiliki nyingine ya rekodi yenyewe, na hizo ni mali mbili tofauti. Ukiuimba "I'm Not in Love" ukweni kwako kwa gitaa moja, bila "aa" hata moja, bado umeuimba wimbo huo, na mtunzi ana haki yake. Naielewa hoja. Ila mpaka kati ya kutunga na kupamba hauko wazi kama karatasi inavyodai, na mahakama zenyewe zimewahi kukiri. Matthew Fisher alipiga kinanda kwenye "A Whiter Shade of Pale" ya kundi la Procol Harum mwaka 1967. Ule mwanzo wa kinanda ambao kila mtu anaujua ni wake. Watunzi walioandikwa walikuwa Gary Brooker na Keith Reid. Fisher alidai mwaka 2005. Mahakama Kuu ya Uingereza ikampa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki, Mahakama ya Rufani ikamnyima fedha kwa sababu alichelewa mno, na mwaka 2009 jopo la majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati ule, likamrudishia. Miaka zaidi ya 40 tangu kurekodi, mpiga kinanda akawa mtunzi.

Fisher alikuwa na bahati moja: alichokibuni ni melodia, na melodia unaweza kuiandika kwenye karatasi ukamwonyesha jaji. Utamwonyeshaje jaji utepe wa gundi uliobandikwa chini ya feda? Hapo ndipo maprodyuza wa leo walipokwama pia. Biti inajengwa usiku kucha, sauti ya besi inatafutwa kama sindano, mwimbaji anakuja kwa saa mbili, na wimbo ukitoka jina linalosikika ni lake. Nadhani ndiyo maana maprodyuza wengi huweka jina lao kwa sauti mwanzoni kabisa mwa wimbo, kabla hata mwimbaji hajavuta pumzi. Karatasi ikikusahau, angalau spika zisikusahau. Siku hizi wenye busara wanaandikiana mgawo kabla ya kikao kuisha, na ni jambo jema, ingawa nimeshuhudia mgawo wenyewe ukichukua muda mrefu kuliko wimbo.

Kibiashara hadithi ni fupi. Wimbo ulipokamilika, wakuu wa kampuni ya rekodi walipousikia, 10cc walipata mkataba wa dola milioni 1. Pamoja na hayo, singo ya kwanza kutoka kwenye albamu ilikuwa wimbo mwingine, "Life Is a Minestrone", mchangamfu, mfupi zaidi, salama. "I'm Not in Love" ulikuwa na zaidi ya dakika 6, na redio za wakati ule zilitaka tatu. Ulikaa ndani ya albamu kama wimbo wa kawaida. Mei 1975 ukatoka kama singo, ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki mbili, na Marekani ukafika namba mbili na kuganda hapo kwa wiki tatu. Kuna toleo lililokatwa kwa ajili ya redio. Silipendi. Wimbo huu unahitaji muda wa kukuzoesha ile hewa kabla haujaanza kukudanganya.

Nafikiri ulisaidiwa na kuzaliwa albamuni. Hakuna mtu anayetumia wiki tatu kuimba "aa" kwa kitu kinachotakiwa kuwa singo ya Ijumaa.

Mwaka uliofuata, 1976, kundi likagawanyika, na likagawanyika pale pale ulipokuwa mshono wa wimbo huu: kalamu upande mmoja, maabara upande mwingine. Stewart na Gouldman wakabaki na jina, wakaendelea kuandika nyimbo nzuri zenye mwanzo na mwisho, na mwaka 1978 wakapanda tena hadi namba moja Uingereza na "Dreadlock Holiday". Godley na Creme waliondoka wakiwa wamebeba kifaa walichokibuni wenyewe, Gizmo, kinachofungwa kwenye gitaa: vigurudumu vidogo vinavyoendeshwa na mota vinasugua nyuzi mfululizo, kila uzi unalia bila kukatika kadiri unavyotaka. Noti isiyokufa, kwa mara nyingine. Walikusudia kurekodi kitu kidogo cha kukinadi kifaa, wakazama, na mwaka 1977 wakaibuka na Consequences, albamu ya sahani tatu yenye muziki na mchezo wa kuigiza ambao mchekeshaji Peter Cook aliuandika na kuuigiza. Haikuuzika. Baadaye wakahamia kwenye video, na ile ya kundi la Police ya mwaka 1983, "Every Breath You Take", ni kazi yao.

Consequences nzima ni mzigo, sitakudanganya, na mchezo wa kuigiza umenishinda kuumaliza kwa kikao kimoja. Lakini upande wa kwanza wa sahani ya kwanza, ambako gitaa limefanywa bahari, kisha upepo, kisha fataki, unastahili jioni yako. Anzia hapo, halafu weka "I'm Not in Love" mara moja baada yake, na usikilize nyuma ya sauti ya Stewart.